Kisasi cha Ukurasa wa Kumi na Tisa

"Hilo jarida liweke mezani, fundi. Taratibu."

Hapo ndipo tulipomwacha Sindano juma lililopita, msomaji wangu. Amesimama katika karakana ya kujalidi vitabu, chini ya maktaba kuu. Mkononi ameshika jarida kuukuu alilolitafuta kwa miaka thelathini na minne. Ukurasa alioutaka umekatwa kwa wembe. Na nyuma yake, sauti ya mwanaume.

Sindano hakugeuka upesi. Sauti ile angeitambua hata ingetoka ndani ya pipa.

Alikuwa yeye. Nahodha.

Mwandishi wa *Bustani Angani*, kitabu ambacho hakuna mtoto wa shule asiyekijua. Mzee wa heshima zake, ambaye Jumamosi hii angevishwa nishani mbele ya umati. Na mwizi.

"Shikamoo, mzee," Sindano alisema, akaliweka jarida mezani.

"Marahaba." Nahodha hata hakumtazama usoni. Macho yake yote yalikuwa kwenye lile jalada lililofifia, lenye picha yake mwenyewe ya ujanani, amevaa kofia ya rubani wa anga. "Binti yangu amekuletea majarida yangu ya zamani uyajalidi pamoja. Amefanya la maana. Ila hili limeingia sandukuni kwa bahati mbaya."

Hakumtambua!

Na angemtambuaje? Yeye alimjua msichana mwembamba wa miaka kumi na minane. Hapa alikuwa amesimama mama wa makamo, miwani mizito, mvi zimemjaa, aproni ina madoa ya gundi kila mahali.

Kwa wewe unayeingia leo, nikudokeze kwa ufupi. Zamani hizo kulikuwa na mchezo wa televisheni ulioitwa *Kikosi cha Zohali*. Ijumaa jioni watu waliacha masufuria jikoni yakaungua. Vijana walioupenda kupita kiasi waliunda chama chao, na chama kikawa na jarida, *Rubani*, lililopigwa chapa kwenye mashine ya saiklostaili, ile ya kunakili kwa kuzungusha mkono. Mhariri alikuwa Nahodha. Kila mwanachama alikuwa na jina lake la kianga. Sindano siku hizo akiitwa Kimondo.

Kimondo alituma hadithi. Ikatoka katika toleo la kumi na moja, ukurasa wa kumi na tisa. Nakala sitini tu.

Baada ya miaka mitatu hadithi ile fupi ikawa kitabu cha watoto chenye picha, neno kwa neno, na juu yake jina la Nahodha. Kimondo alipokwenda kulalamika kwenye mkutano wa chama, Nahodha alisimama na kucheka. "Toleo hilo liko wapi? Lete tulione." Halikuwepo. Alishazikusanya nakala zote, eti anakwenda kusahihisha makosa ya chapa. Akamwita mwongo mbele ya watu, akamwita mgonjwa wa wivu. Haikutosha. Akaandika barua kwa chuo cha ualimu alikosoma Kimondo, naye akafukuzwa muhula wa mwisho. Mchumba wake naye akaingia mitini.

Tangu hapo ameshona vitabu vya wengine. Hata nakala za *Bustani Angani* zilizochakaa, huletewa yeye azitengeneze. Mamia. Kila moja ameishona akisaga meno.

Sasa mwenyewe yuko hapa, hatua mbili tu, ananukia marashi.

"Umelisoma?" Nahodha aliuliza.

"Mimi najua karatasi, mzee. Mambo ya ndani nawaachia wenyewe."

"Vizuri. Fundi asiyesoma ndiye fundi ninayempenda." Akanyoosha kidole kwenye mashine ya kukatia karatasi. "Ile inakata sawasawa?"

"Inakata mpaka kitabu cha sheria."

"Basi likate hili. Sasa hivi, nikiona. Vipande vidogo vidogo, hata panya asipate pa kusoma."

Damu ilimpanda Sindano kichwani. Meza ilikuwa na kisu cha ngozi, kirefu, kimenolewa asubuhi ile ile. Mkono wake ulikiona kabla ya macho yake.

Hapana, alijiambia. Kifo ni kitu cha dakika moja. Huyu anadaiwa miaka.

"Lina pini mbili za chuma katikati," alisema. "Zitakitia kisu pengo, na mashine ni ya maktaba. Niruhusu nizitoe kwanza."

"Fanya haraka."

Sindano alilifungua jarida katikati kabisa. Kulia, pale palipokuwa na ukurasa wa kumi na tisa, kilibaki kipande chembamba kama ulimi wa kiatu. Kushoto ulikuwepo ukurasa wa kumi na nane. Mchoro mtupu: chombo cha anga kidogo pale chini, na juu yake mbingu kubwa, nyeupe.

Aliinamia pini ya kwanza. Akasita.

Mbingu ile haikuwa nyeupe.

Ilikuwa na madoa ya kijivu, membamba mno, mstari juu ya mstari, kama sisimizi waliopangwa foleni. Mtu mwingine angesema ni uchafu. Lakini Sindano ameishi na karatasi kuliko alivyoishi na binadamu. Wino wa saiklostaili una mafuta. Ukurasa ukilaliana na mwenzake miaka mingi, kwenye joto, sanduku juu ya sanduku, wino huhama. Ukurasa wa kumi na tisa, kabla haujakatwa, ulikuwa umejichapa wenyewe juu ya ukurasa wa kumi na nane. Herufi zote zilikuwepo. Ila zimegeuka, kama kwenye kioo.

Akasoma kutoka kulia kwenda kushoto. Jina lilikuwa juu kabisa.

*odnomiK.*

Kimondo!

Mwizi ameiba ukurasa, kivuli chake amekisahau.

"Mbona umesita?" Nahodha aliuliza.

"Pini zina kutu, mzee. Zinachoma." Akang'oa ya kwanza. Akang'oa ya pili. "Sasa rudi nyuma kidogo. Vipande vikiruka huingia machoni."

Nahodha alirudi nyuma hatua mbili, akavua miwani aifute kwa leso.

Pumzi moja tu. Ukurasa wa kumi na nane, usio na mwenzake wa kuushika, uliteleza wenyewe kiganjani mwa Sindano. Ukaingia katikati ya kadibodi mbili kwenye shinikizo, chombo cha kubania vitabu vilivyopakwa gundi. Nahodha aliporudisha miwani puani, fundi alikuwa ameshapanga karatasi zilizobaki za jarida chini ya kisu.

Kisu kikashuka. Kikashuka tena. Kofia ya rubani ikakatika. Uso wa kijana ukakatika kidevu, pua, paji.

Nahodha alivikusanya vipande kwa mikono yake, akavitia mfukoni mwa koti. Hapo tu ndipo alipotabasamu.

"Unaitwa nani, fundi?"

"Sindano."

"Jina zuri! Jumamosi nitalitaja jukwaani. Njoo ukae mbele."

"Nitakuja, mzee," alisema Sindano. "Sitakosa."

Mlango ukafungwa. Sindano akashika ukingo wa meza, kicheko kinamjaa kooni. Akakigeuza kichwa kuelekea kwenye shinikizo.

"Umeficha nini humo, mama?"

Kicheko kikakauka.

Kati ya rafu mbili za vitabu vibovu alikuwa amesimama mwanamke wa miaka kama thelathini, suti nyeusi, jalada la karatasi kwapani. Wakili. Binti pekee wa Nahodha.

"Umeingia saa ngapi?"

"Kabla ya baba. Nilikuwa natafuta choo, nikapotea humu ndani." Alisogea. "Nimemsikia akikuambia ukate. Nimekuona ukificha. Sijui ni kipi kimenishangaza zaidi. Fungua."

Sindano angeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari ulimini. Lakini alimtazama yule binti, macho yale yale ya Nahodha, nyusi zile zile, na wazo likamjia, tamu na baya kwa wakati mmoja: *Jeraha la kwanza apate kupitia huyu.*

Akafungua shinikizo. Akatoa kioo chake cha poda mkobani, akakisimamisha pembeni ya karatasi.

"Wewe ni msomi. Soma."

Wakili aliinama. Midomo ilianza kucheza polepole.

"'Mtunza bustani hakuwahi kukanyaga udongo wa duniani. Alizaliwa angani, akalelewa na...'" Akainua uso. Kisha akamalizia bila kutazama kioo, "'...akalelewa na mbegu.' Hii ninaijua kwa moyo. Baba alinisimulia kila jioni nilipokuwa mdogo. Aliniambia aliiota."

"Tazama jina."

Alitazama. Akatazama tarehe chini ya ukurasa. Mawakili husoma tarehe. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya kitabu.

"Kimondo ni nani?"

"Kimondo ni mimi."

Sindano alimweleza yote, bila chozi, kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. Mkutano, kicheko, barua ya chuoni. Baba wa Sindano aliyeuza cherehani yake ili yeye asome, akafa akiamini kwamba bintiye ni mwongo.

Wakili alikuwa amekaa juu ya rundo la vitabu, suti yake inaingia vumbi, hajali.

"Unataka nini? Nikufungulie kesi?"

"Kesi itachukua miaka sita, na yeye atakuwa anaugua. Sitaki kesi. Aliniita mwongo mbele ya watu. Nataka aone haya mbele ya watu, nami nikimtazama."

"Ni baba yangu, mama."

"Na mimi nilikuwa mtoto wa mtu."

Wakili aliinama. Aliponyanyua uso, alikuwa amefanana na Nahodha kuliko mwanzo.

"Jumamosi atafungua kitabu utakachokijalidi, jukwaani. Kamera itakuwa juu ya meza, kila ukurasa uonekane kwenye skrini kubwa. Fundi wa mitambo nimemwajiri mimi. Nikimwambia aigeuze picha, ataigeuza." Akasimama, akajipangusa. "Ishone karatasi yako mahali pake. Baada ya toleo la kumi, kabla ya la kumi na mbili. Watakapouliza, mimi nitachukua kipaza sauti, nitakuita kwa jina lako."

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

Sindano alishona siku mbili. Ngozi ya kijani, uzi wa kitani uliopakwa nta, maandishi ya dhahabu mgongoni. Katika maisha yake hakuwahi kujalidi kitu kizuri namna ile. Kila alipotoboa tundu aliwaza uso mmoja.

Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi ulifurika. Walimu, waandishi, wanafunzi waliovaa sare. Sindano alikaa mstari wa mbele, amefumbata mkoba magotini. Alivaa gauni la bluu alilolinunua kwa ajili ya siku hii, na viatu vilivyombana.

Nahodha alipanda akipigiwa makofi. Alivishwa nishani, ikameta kifuani. Juu yake, kwenye ukosi wa koti, walikuwa wamembania kipaza sauti kidogo kama mbegu ya papai. Binti yake alisimama kando, karibu na meza, ameshika kipaza sauti cha mshereheshaji.

"Wapendwa," Nahodha alianza, "wengi mnaniuliza *Bustani Angani* ilianzia wapi. Ilianzia humu." Akakiweka kitabu cha kijani chini ya kamera. Skrini ikawaka. "Haya ni majarida yetu ya ujana. Yamejalidiwa na fundi mmoja hodari, anaitwa Sindano. Yuko wapi? Simama, mama, wakuone!"

Sindano alisimama. Makofi. Akaketi.

"Toleo la kwanza mpaka la kumi na mbili," Nahodha aliendelea, akifunua. "Yote yapo. Isipokuwa la kumi na moja, ambalo halikuwahi kutoka. Tuliishiwa wino."

Watu walicheka. Akafunua tena, bado anatabasamu kuelekea kwa watu, wala hakutazama alichokifunua.

Kwenye skrini kulikuwa na chombo cha anga na mbingu iliyojaa sisimizi.

Kisha picha ikageuka, kushoto kuwa kulia, na sisimizi wakawa maneno.

BUSTANI ANGANI. Hadithi ya Kimondo. *Rubani*, toleo la kumi na moja.

Mnong'ono ulianzia nyuma, ukaja mbele kama mvua kwenye mabati. Mwanafunzi mmoja alianza kusoma kwa sauti, "Mtunza bustani hakuwahi kukanyaga..." na wenzake wakampokea, maana wote waliijua kwa moyo.

Nahodha aligeuka, akaiona skrini. Rangi ilimtoka usoni.

Mwalimu mmoja alisimama. "Samahani, mzee. Kimondo ni nani?"

"Simjui mtu wa jina hilo," Nahodha alijibu. "Hajawahi kuwepo. Kuna mtu... kuna mtu ananichezea." Alishika meza. Mkono ulikuwa unamtetemeka, mkono wa mzee, wenye mishipa na madoa. "Mwanangu. Waambie."

Wakili alikileta kipaza sauti mdomoni.

Sindano aliketi wima. Sasa. Miaka thelathini na minne, na sasa.

Lakini binti hakuwa anamtazama Sindano. Alikuwa anautazama ule mkono unaotetemeka. Aliutazama kwa muda mrefu mno, kama mtu anayekumbuka ulivyokuwa ukimshika akijifunza kutembea.

"Karatasi hiyo," Wakili alisema, "ni ya kughushi. Imetengenezwa na fundi mwenyewe, kwa sababu ya wivu. Nilimwona kwa macho yangu."

Ukumbi ulilipuka.

"Mwongo!"

"Mtoeni huyo mama!"

Sindano alihisi masikio yanavuma. Neno lile lile. Familia ile ile. Askari wawili wa ukumbini walishaanza kuja, mmoja kila upande. Siku ile ya mkutano wa chama, alipokuwa na miaka ishirini na mmoja, alikimbilia mlango wa pembeni akilia, na hakuacha kukimbia.

Leo alivua viatu vilivyombana, akapanda ngazi za jukwaa.

"Mama, rudi chini," askari alisema.

"Nishike nikishafika."

Alifika. Akasimama mbele ya Nahodha, karibu kiasi cha kuzisikia pumzi zake. Akavua miwani yake mizito, akamtazama kwa macho makavu.

Nahodha alitaka kumfokea. Mdomo ulifunguka. Kisha macho yakafinyika, yakapanuka. Yalikuwa yameuona uso wa msichana chini ya uso wa mama huyu. Akainamisha kichwa karibu na sikio lake, akanong'ona, akidhani wanasikia wawili tu:

"Kimondo. Kumbe ni wewe. Mimi nilidhani ulishakufa."

Kile kipaza sauti cha kwenye ukosi kililichukua kila neno, kikalipeleka kwenye spika nane za ukumbi.

"Baba?" Wakili alikuwa ameshusha mkono. "Umemwita nani? Si umesema hajawahi kuwepo?"

Nahodha alitazama juu, kwenye spika. Alitazama ukosi wake. Akaelewa. Na alipoelewa hakusema samahani, hakulia, hakuanguka. Alirukia kitabu cha kijani kwa wepesi ambao hakuna aliyeutegemea kwa mzee wa umri wake, akaushika ukurasa wa kumi na nane kwa ngumi.

Wakili naye akaushika upande wa pili.

"Achia, baba."

"Achia wewe! Nimekulea kwa hadithi hii!"

"Ndiyo maana. Achia!"

Sindano alinyoosha mikono, lakini askari walishamshika mabega. Na kupitia zile spika nane, kubwa na wazi kuliko maneno yote yaliyosemwa siku ile, ukumbi mzima ulisikia sauti ya karatasi ikichanika.